Mwenyeji wa Jini la Bibi Mkubwa

Ilikuwa mchana, kitunguu kikiungua jikoni, Mdoezi aliposikia harufu ya marashi ghali. Yeye hakuwa na marashi. Jina la Mdoezi alipewa na wenzake wa chumba cha habari, kwa sababu aliandika harusi, talaka na misiba ya wenye nacho. Alikula mezani kwao, kisha akarudi kwenye vyumba viwili vya kupanga alimoishi na binti yake.

"Mama, yule bibi anaondoka lini?" binti aliuliza.

"Bibi gani?"

"Aliye chumbani. Ananisuka. Mikono yake baridi."

Nywele zilikuwa zimesukwa kweli.

Mdoezi alimpigia simu mdogo wake, naye akaja na mganga. Mganga alinusa hewa, akakataa kuvuka kizingiti. "Umetoka nyumba gani?"

Alitoka kwa Bibi Mkubwa, tajiri ambaye alikuwa akimwandikia kitabu. Bibi alikuwa amekiri kwamba ukoo wao unafuga jini. Jini hilo huleta mali, na katika kila kizazi huchukua binti mmoja. Mdoezi, kama kawaida yake, alimsomea Bibi maneno yake mwenyewe ayathibitishe: "Mimi ndiye mwenyeji wake. Nyumba yangu ni yake."

"Hayohayo, mwanangu," Bibi alisema. "Usibadilishe hata neno."

"Ukayatamka kwa kinywa chako?" mganga alinong'ona.

"Nilikuwa namnukuu!"

"Jini ndilo lijue mambo ya kunukuu? Choma kila ulichoandika, nilitoe leo."

Mdoezi alilitazama rundo la kurasa, akakumbuka miaka aliyosimama karibu na milango ya jikoni kwenye sherehe za watu akingoja kuitwa, na wahariri waliocheka, na mchapishaji aliyeahidi kwamba safari hii jina lake litakuwa juu ya jalada, na chini ya hayo yote akasikia kitana kikipita kwenye nywele chumbani, taratibu, kikipita tena, kama cha mtu asiye na haraka.

"Imebaki sura moja, mzee. Rudi wiki ijayo."

"Dada, una wazimu?" mdogo wake alisema. "Mtoto yumo mle!"

"Amemdhuru nini mpaka sasa?"

Mganga aliokota mkoba wake. "Mimi hufukuza asiyetakiwa. Huyu umemkaribisha mara mbili."

Mdogo mtu akaukimbilia mlango wa chumba. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, na mlango ule haukuwahi kuwa na komeo.