Ukurasa Uliofunuliwa Mwadui

Jamaa yangu Otmar, mpiga piano aliyemaliza ujana wake kwenye kumbi za Ulaya, alirudi Mwadui na kuomba afanye mazoezi kwenye piano kuukuu ya ukumbi uliofungwa.

“Shikamoo, mama,” alimwamkia mlinzi wa ukumbi.

“Marahaba. Utakaa peke yako humo?” mlinzi alimuuliza.

“Nimezoea, mama.”

Jioni umeme ukakatika katikati ya wimbo. Otmar akaendelea, kwani vidole viliujua. Alipofika mwisho wa ukurasa, akainamisha kichwa kwa mazoea, kama anavyomwashiria jukwaani mtu wa kumfunulia karatasi za noti za muziki.

Gizani akasikia karatasi ikifunuliwa, taratibu.

Akaacha kupiga, akawasha tochi ya simu. Ukurasa ulikuwa mwingine, na kona yake imelowa, kama iliyoshikwa na kidole kilicholambwa.