Mita ya Fundi Jotham

Kila Jumamosi, akishachota maji na kufagia uani, Atupele alimpelekea baba yake chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha gerejini, nyuma ya nyumba yao pale Makandana, mjini Tukuyu. Akifika huko haondoki. Spana namba kumi na namba kumi na mbili alizitambua kwa kuzishika tu. Wateja walimtania baba yake, Fundi Jotham: "Huyu si binti, ni fundi msaidizi!" Atupele akajiona hana mfano.

Ndipo akaja Bupe, binti wa shangazi yake wa Mpuguso, kusoma shule ya mjini.

Miaka ile magari ya mitumba yalianza kujaa, na petroli ilipanda bei kila kukicha. Pikapu ya Fundi Jotham ilikunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Akaazimia kuifungia sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Sensa hiyo huunusa moshi, na sindano ya mita huonyesha kama injini inapata petroli nyingi au chache, na kwa kiasi gani. Mita ya dukani hakuimudu, basi akaamua kuiunda mwenyewe. Sensa aliing'oa kwenye gari bovu Mbeya, mchoro alichapishiwa kwenye duka la intaneti, na vipuri vingine alivichomoa kwenye redio iliyokufa.

Kulehemu vipuri vidogo kulitaka vidole visivyotetemeka. Atupele alijaribu, akaunguza kimoja. Bupe alijaribu, lehemu ikatulia mahali pake, inang'aa.

"Lo! Mjomba wako nimepata fundi," akasema Jotham. "Atupele, njoo umwone mwenzio."

Njoo umwone mwenzio! Maneno hayo yalimkwama Atupele kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo kila alichofanya Bupe kilimchoma. Bupe akicheka, anajidai. Bupe akinyamaza, anaringa. Hata alivyomenya ndizi, Atupele aliona anamenya kwa maringo.

Jumapili mchana Jotham akawaambia, "Leo tunaiwekea mita alama yake. Sensa inaning'inizwa kwenye hewa safi, inapashwa moto kwa betri, kisha sindano inawekwa kwenye alama ya hewa. Hewa ikiwa chafu, mita itatudanganya. Bupe, kazi hiyo ni yako. Mimi nakwenda mazoezi ya kwaya."

Manyunyu yalikuwa yakianguka, kwa hiyo Bupe akaining'iniza sensa barazani. Ikiwa bado inapata moto, mama yake Atupele akamwita aanue nguo. Atupele akabaki peke yake. Akatazama huku na huku. Akaenda jikoni, akabeba jiko la mkaa uliokwisha kukolea, usioonyesha moshi kwa macho, akaliweka chini ya sensa.

Bupe aliporudi, Atupele akasema, "Nimeleta jiko. Baridi hii ya Tukuyu itatuua."

"Ndaga fijo, dada," akashukuru Bupe, akipasha viganja moto. Kisha akaweka sindano.

Jumanne, Mama Elina, mchuuzi wa ndizi, aliikodi pikapu kubeba ndizi zake kutoka Kisondela. Mita ilisema petroli ni chache. Jotham akaiamini, akafungua kabureta zaidi. Walipoanza kupanda mlima, injini ikakohoa, ikatapika moshi mweusi, ikazima. Ndizi zikalala barabarani, zikanyeshewa.

"Fundi," Mama Elina akafoka, "ulisema utapunguza petroli, kumbe umefungua tanuri la mkaa!"

Jioni Jotham alifika gerejini amelowa. Hakupiga kelele. Alichukua chuma cha kulehemia mkononi mwa Bupe, akampa Atupele. "Bupe, mwanangu, nilikuharakisha. Gereji basi kwanza. Atupele ataendelea."

Bupe hakujitetea. "Nisamehe, mjomba. Sijui nilikosea wapi," akasema, akaondoka akijifuta macho kwa vidole vilivyojaa makovu ya lehemu.

Atupele akabaki na chuma mkononi. Ndicho alichokililia siku zote hizo! Mbona sasa kilikuwa kizito kama nyundo ya mhunzi? Akakiweka mezani.

"Baba, hakukosea. Niliweka jiko la mkaa chini ya sensa. Nilitaka umwone hafai."

Jotham akakaa juu ya tairi. Kisha akamwita Bupe, na Atupele akarudia maneno yaleyale mbele yake.

"Kumbe lile jiko!" Bupe akashtuka. "Na mimi nikakushukuru!"

"Nisamehe, Bupe."

Bupe alimtazama sana. "Nitakusamehe. Lakini leo sikuiti dada."

Asubuhi Atupele alikwenda kwa Mama Elina kuomba radhi, akapata karipio lake. Alipotoka huko akasafisha plagi zote nne hadi zikang'aa. Sensa ikaning'inizwa uwanjani, mbali na majiko yote, na Bupe akaweka sindano upya. Safari hii pikapu ilipanda mlima wa Kisondela bila moshi mweusi.

Jioni Jotham akawaketisha wote wawili. "Mita tumeitengeneza asubuhi moja. Jina la Bupe, kulisafisha kungechukua miaka. Atupele, nilipomsifu mwenzio sikupunguza chochote kwako. Kijicho kilikuambia umeibiwa, ukakiamini. Ukimwona mtu anakushinda kazi, kaa karibu naye, ujifunze."

Atupele akainamisha kichwa. Bupe akasogea kwenye benchi, akampa nafasi, akamnyooshea chuma.

"Shika hivi," akasema. "Usikibane sana."