Uvumi Uliojitafutia Bibi Harusi

Ngazi za jengo la maduka ya simu zilikuwa zimejaa, huyu anapanda, yule anashuka na mzigo begani, na dada mmoja amesimama katikati kabisa kama nguzo. Gauni la njano, raba nyeupe, kompyuta kaikumbatia kifuani. Fundi simu akampamia. Trei ya skrubu ikamwagika yote.

"Dada, hapa ni njia ama ni ofisi yako?"

"Samahani kaka. Naangalia maneno yanavyopita."

"Siku hizi maneno yanaonekana?"

Dada akacheka, akachuchumaa kumsaidia kuokota. Jamaa kwisha habari yake.

Jioni, wakinywa soda, dada akamweleza kwamba yeye ni mtafiti wa chuo, anaandika hesabu za vitu vinavyosambaa: magonjwa, mitindo ya nywele, uvumi.

"Uvumi ni kama tone la wino kwenye maji. Unatawanyika. Halafu kila mdomo unaubadilisha kidogo, na ule mtamu ndio unaoishi."

"Kumbe umbeya una hesabu."

"Tena ngumu."

Kuanzia hapo fundi akawa anamwita Hesabu. Simu asubuhi, simu mchana. "Hesabu wangu, umekula?" "Nimekula, Fundi wa kelele. Kaa chini basi, nasikia unavyozungukazunguka." Kweli, hakuwa mtu wa kutulia.

Siku moja Hesabu akataka tone lake mwenyewe, neno dogo lisiloumiza mtu, alifuatilie ghorofa kwa ghorofa.

"Sema naoa," Fundi akasema, kama utani. Moyoni haukuwa utani.

Wakamnong'oneza muuza makava ya simu wa chini: Fundi anaoa. Basi, hilo tu.

Hesabu aliporudi kukusanya majibu, alianzia juu kabisa kwa muuza chaja.

"Hujasikia? Fundi anamuoa yule dada wa juisi. Nyumba wameshapanga. Pazia wamenunua za zambarau."

Hesabu akafunga kompyuta. Yule dada wa juisi alishamwona kwenye meza ya Fundi, wanacheka. Akashuka ngazi, akajikaza kukusanya majibu ya ghorofa nyingine, bila kupita kwa Fundi. Fundi akapiga simu, ikaita, ikaita, Hesabu hakupokea.

"Hesabu, pokea basi, nimekosa nini?" Fundi aliongea na simu isiyojibu. Kazini aliunguza kioo cha mteja. Nyumbani mama yake akachoka naye.

"Mwanangu, kaa, unanizungusha kichwa. Na huyo mchumba wa juisi mbona huniletei nimwone?"

"Nani wa juisi, mama?"

Hesabu naye hakulala vizuri. Kuna kazi ya kuwasilisha, akajikaza, akaingiza yale majibu kwenye kompyuta huku kamasi zinamtoka. Mchoro ukajitokeza kama mti. Pazia zilizaliwa ghorofa ya tatu. Dada wa juisi alizaliwa ghorofa ya pili, kwa kinyozi. Chini kulikuwa na shina moja: yeye na Fundi. Na tawi la mwisho, lililoamini kuliko yote, lilikuwa yeye.

Akatoka mbio na ndala miguuni.

"Karibu, simu ina tatizo gani?" Fundi akamuuliza, hamtazami.

"Fundi, mimi niliamini."

"Umbeya uliouanzisha mwenyewe?"

"Ulikuwa na pazia. Nani anazua pazia?"

Fundi hakucheka. "Ulishindwa kuniuliza? Swali moja tu, Hesabu."

"Niliogopa utasema ndiyo."

Fundi akaweka bisibisi mezani. Kwa mara ya kwanza akatulia, mikono haina kazi.

"Niulize sasa."

"Unaoa?"

"Naoa, ukikubali. Walichokosea ni bibi harusi tu."

Hesabu akafuta macho na mkono wa gauni. "Nakubali. Ila hili tukalitangaze wenyewe, kila ghorofa, lisibadilike."

Wakashikana mikono, wakapanda haraka. Kufika ghorofa ya pili, kinyozi akazima mashine, akawapa mkono wote wawili, akawapongeza kwa mapacha.