Vyombo vya Mama Havikutaka Kuhama

Jua la Januari lilikuwa linazama nilipoegesha pikapu mbele ya nyumba ya marehemu mama, nje kidogo ya mji tuliokulia huku Wisconsin, Marekani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kutoa zulia, kiti cha kubembea na kiango cha kutundikia makoti, kisha kumchukua mdogo wangu Orrin aje kukaa kwetu. Wenye nyumba wapya walikuwa wanahamia kesho yake.

Orrin ni mtu mzima, lakini hajawahi kuishi kwingine. Kila Ijumaa rafiki zake walikuja kucheza mchezo wao wa mezani, wakirusha dadu na kujifanya mashujaa wanaovamia ngome za wachawi. Yeye ndiye aliyewatungia hatari. Hakupenda mazimwi. Alipenda vitu vya ndani vilivyotiwa uchawi: zulia linalokaba, ufagio unaopiga, kiti kinachokufuata. Mama aliwapikia, kisha akakaa pembeni kusikiliza.

Nikapakia kiti. Niliporudi ndani kuchukua zulia, kiti kilikuwa karibu na jiko.

Miguu yake ilikuwa na theluji.

Orrin alikuwa amekaa kwenye ngazi, begi mapajani. Nikamwambia aache utani. Akasema hajainuka. Sikumwamini. Nikakibeba tena, nikakifunga kwa kamba, nikageuka.

Kru... kru... kru...

Kamba ilikuwa imefunguliwa fundo kwa fundo, na kiti kimerudi ndani.

Mara ya tatu nilikuwa nalia, tena kwa hasira, si kwa woga. Nilikuwa nimeendesha gari mchana kutwa, mgongo unaniuma, halafu kiti kinanishinda. Nikakipiga teke. Nikashika ncha ya zulia, nikavuta. Likanuka poda ya mama na vitunguu vya kukaanga, ingawa jiko lilikuwa baridi.

Nalo likavuta.

"Dada," Orrin akasema taratibu, "kwenye mchezo vitu hivi havina akili. Vinafuata tu amri ya mwisho ya aliyevitia uhai."

"Mama hakuwa mchawi, Orrin."

Akalikumbatia begi lake. Kisha akanieleza kwamba siku gari la wagonjwa lilipokuja, mama alikataa kubebwa mpaka azunguke sebuleni, akigusa kitu kimoja kimoja na kukinong'oneza. Orrin alidhani ni homa. Katika maneno yote alishika moja tu.

Jina lake mwenyewe, Orrin.

Nikamkamata mkono, tukakimbilia mlangoni. Mimi nikavuka. Yeye akakwama. Zulia lilikuwa limempanda hadi kiunoni, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nilivuta mpaka vidole vikateleza. Kiango cha makoti kikajiburuza sakafuni, mlango ukajifunga usoni pangu. Niliupiga kwa spana ya magurudumu, nikampigia kelele Orrin apigane, ajitupe, afanye chochote.

Nikaenda kwa jirani, nikaita polisi. Askari alipofika, mlango ulikuwa wazi. Zulia limetandikwa sakafuni. Orrin yuko kitini, kikombe cha kakao mkononi, anamweleza kwa adabu kwamba dada yake amechoka na msiba. Askari akaniambia niendeshe taratibu, barabara ina barafu.

Nilipoinama kumbembeleza tuondoke, akaninong'oneza, "Siwezi. Nikisimama, vinajua."

Wenye nyumba wapya walikuja asubuhi, wakaondoka bila kushusha hata sanduku moja. Hawakutaka kuniambia kwa nini.

Sasa kila Jumapili nampelekea chakula, naishia barazani. Kila mara namsihi, na kila mara ananijibu kwa upole unaonichoma kuliko matusi. Jumapili iliyopita nilimkuta dirishani, nywele zimelowa, zimechanwa upande kama za mtoto anayepelekwa kanisani. Ilikuwa saa sita mchana, naye amevalishwa nguo za kulalia, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

Nikamuuliza ni nani anayemchana.

Hakugeuza kichwa. Midomo yake ilicheza kidogo tu.

"Ongea kwa sauti ya chini, dada. Vinadhani nimelala."