Jaji Aliyeanzia Gerezani

Sheria yote ya jaji Pontien, miye ndiye niliyemfundisha. Haya, musicheke. Nilimpelekea ugali gerezani tu, na siku nyingine niliumega njiani.

Zamani za Wabeleji, Pontien alikuwa mvuvi hapa Uvira. Mtu akamsingizia wizi wa nyavu. Tribinali, mahakama yao, ilisema Kifaransa. Pontien alisema Kifuliiru: "Sikuiba." Mkalimani alikuwa amekwisha kula mbuzi wa mshitaki. Akageuza: "Anakubali." Wakamfunga! Mpaka leo nikikumbuka, mate yanakuwa machungu.

Gerezani walimpa kazi ya kufagia tribinali. Alifagia kama konokono, masikio wazi. Akaokota Kifaransa, akaokota na sheria. Alipotoka, akawa mkalimani, naye hakugeuza neno la mtu. Kisha Uhuru ukafika. Wabeleji wakakimbia, viti vikabaki vitupu. Wakubwa wa mji wakanuna: "Mfungwa awe jaji?" Wazee wakajibu: "Alifungwa bure. Huyo atajua kusikiliza."

Uasi uliofuata Uhuru ulipopoa, jirani yangu Honorine alikuja kwangu analia. Mume wake Léopold, mvuvi, alikuwa ameuawa kwa risasi. Shemeji yake Antoine, mshona nguo, alichukua mtumbwi na taa ya kuvulia ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

"Watoto watakula nini?" akasema. "Na Antoine anasema eti mjane hana kinywa mbele ya tribinali."

"Hana kinywa? Na huyo mwizi ana vinywa vingapi?"

Nilimvuta mkono mpaka kwa Pontien, kitambaa changu cha kichwa kikianguka njiani.

"Mama, kinywa iko," Pontien akamwambia. "Mjane anashitaki mwenyewe. Sema kwa lugha yako. Ukimaliza, omba wakusomee walichoandika. Kama si maneno yako, usitie kidole cha wino. Kataa!"

Siku ya kesi, Honorine alisema yote mbele ya Pontien. Karani akamsomea: "Ninaomba mnisaidie mtumbwi."

"Hapana! Sikuomba msaada. Nimesema mtumbwi ni wangu na watoto wangu."

Karani akanuna, lakini akafuta, akaandika upya. Ndipo Honorine akatia kidole.

Antoine akasimama, shati limenyooka. "Bwana Juje, Léopold alinipa mwenyewe. Usiku wake wa mwisho tulivua pamoja. Tuliwasha taa, ndagala wakajaa mtumbwi."

"Ulimwona vizuri akikupa?" Pontien akauliza.

"Vizuri sana! Mwezi ulikuwa mzima, mweupe kama maziwa."

Wavuvi waliosongamana mlangoni wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti: "Mwezi ukiwa mzima ndagala hawafuati taa! Usiku huo sisi wote tunalala kwa wake zetu. Weye, ndagala unawajua kwenye sahani!"

Pontien hakucheka. "Antoine, mulivua wakati gani?"

Antoine akapangusa jasho. "Basi... ilikuwa mchana."

"Mchana?" Honorine akasema. "Na taa muliwasha ya nini, shemeji?"