Taa Iliyozimwa Kila Jumapili

Anicet na mkewe Pascasie walikaa ughaibuni, mji wa Hopkins, na binti yao, Héritière. Gari lao lilikuwa zawadi. Mzee Yves wa kanisani aliliendesha miaka mingi, kisha akawapa wao, waliotoka Kongo bila hata baiskeli.

Baridi ya mwaka 2014 ilipoanza, taa ya injini kwenye dashibodi ilianza kuwaka. Leo inawaka, kesho imezima. Kila Jumapili walimpitia Mzee Yves kwenda ibadani, na Anicet aliona haya. Mzee akiiona taa, si atadhani wanalalamikia zawadi yake? Basi kila Jumapili asubuhi alifungua boneti, akachomoa waya wa betri, akaurudisha. Taa ilizima. Kanisani aliimba kwa raha, maskini.

"Baba Héritière, peleka hii gari ku garage," Pascasie alimwambia.

"Inazimikaka yenyewe. Ni kitu kidogo tu."

Asubuhi moja ya Januari, simu ilitoka hospitali moja mjini Saint Paul. Mama yake Pascasie, aliyelazwa huko, alikuwa mahututi. Waliondoka mara moja. Njiani gari likatetemeka. Taa ikaanza kupepesa.

"Simama," Pascasie alisema.

Anicet alikanyaga mafuta. Gari likazima kwenye barabara kuu. Walipopata mtu wa kuwafikisha hospitalini, walimkuta mama ameshafunikwa shuka.

Baada ya mazishi, jirani yao Jotham alikuja kutoa pole. Jotham ni Mkenya, fundi wa magari huko Saint Paul, mtaa wa Frogtown. Anicet alimweleza yote.

"Pole sana, ndugu yangu," Jotham alisema. "Lakini taa ikizima, si eti gari imepona. Homa ikishuka, malaria bado iko. Kompyuta ya gari huandika code, namba ya kuonyesha shida iko wapi. Ukichomoa betri, unaifuta. Fundi akiangalia, hapati kitu."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiifute. Andika iliwaka lini, injini ilikuwa baridi ama moto, kama kulikuwa na mvua. Halafu lete tusome code. Ikiwaka bila kupepesa, leta gari mapema. Ikipepesa, toka barabarani, zima injini. Usiendelee ku-drive."

Gari lilivutwa hadi gereji. Jotham aliunganisha kifaa chake, kikaonyesha silinda ya tatu haichomi vizuri. Akahamisha koili, kile kifaa cha kutoa cheche: ya tatu akaiweka kwenye silinda ya pili, ya pili kwenye ya tatu, akawasha. Sasa silinda ya pili ndiyo ikasumbua. Basi koili ndiyo mbovu: ilikuwa na ufa, na unyevu ukiingia cheche inakosekana. Aliweka mpya kwa nusu saa.

Pascasie alikuwa amesimama pale. Nusu saa tu. Alilia kwa uchungu.

Anicet alimwendea Mzee Yves, akakiri. Mzee aliinamisha kichwa.

"Hata mimi hiyo taa iliniwakia," alisema. "Niliona haya kukuambia."

Machi taa iliwaka tena. Anicet aliandika siku na saa, akaenda kwa Jotham siku ileile. Safari hii ni kifuniko cha tangi la mafuta kilichokuwa hakijakazwa vizuri.

Barafu ilipoyeyuka walikwenda makaburini, Saint Paul. Gari halikutetemeka hata mara moja. Pascasie alipiga magoti, akaweka mkono juu ya udongo.

"Mama," alisema, "leo tumefika."