Mama Mkwe Aliyeachwa Ukunda

"Feisal, mama yuko wapi?"

Twaiba alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari, mkono bado umeshika kitasa. Feisal aligeuka huku akitabasamu, maana alikuwa amefika Kinango salama na mizigo yote ya Idd. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mitungi ya maji, magunia mawili ya mchele na mkoba wa mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe hakuwapo.

"Si yuko..." Feisal alianza.

"Yuko wapi?"

"Nilisimama Ukunda kujaza gurudumu upepo. Labda alishuka."

"Labda?"

Wewe cheka tu, lakini huyu ndiye Feisal aliyewatumia wakwe zake wote ujumbe juzi: "Idd hii barabara zitafurika magari. Jazeni mafuta mapema. Bebeni maji, Kinango hayapatikani. Na kila dereva ahesabu watu wake kabla ya kuondoka." Walimsifu sana. Yeye mwenyewe alikuwa na mtu mmoja tu wa kuhesabu, kwa kuwa Twaiba na watoto walitangulia na gari la Abdulaziz, kaka yake Twaiba.

Tatizo ni kwamba Feisal hakuwa akimtazama mama mkwe. Ni heshima, alisema. Tangu aoe alimwamkia akiwa ameinamisha macho, na mama akiingia mlango huu yeye hutokea ule. Safari nzima kutoka Msambweni hakugeuka nyuma. Alipofika kwenye matuta ya Kombani alisema, "Mama, jishikilie vizuri," na alipokosa jibu akaona mama ana adabu kweli.

Simu ikaanza kuita ndani ya mkoba. Twaiba ndiye aliyekuwa akiipiga. Akaikata taratibu.

"Amefunga, Feisal. Na jua lote hili."

"Naenda kumleta."

"Ramadhani nzima nimekuomba mama aje akae nasi. Nyumba yake inavuja, macho yamepungua. Kila siku unaniambia unaona haya, eti mtu na mkwewe hawakai nyumba moja. Sasa usipompata, hata mimi usinihesabu."

Feisal akarudi Ukunda. Pale kituo cha mafuta akamuuliza kijana wa pampu kama amemwona mama mmoja wa buibui jeusi.

"Bro, leo wote wana buibui jeusi," kijana akasema. "Alikuwa na mtandio wa rangi gani?"

Feisal hakujua. Picha yake hakuwa nayo. Alizunguka maduka yaliyojaa watu wanaonunua nguo za watoto, akiwachungulia wanawake wa watu usoni mpaka mmoja akamkaripia. Mwishowe akakimbilia msikitini.

"Assalaam aleikum, shekhe. Nimepotelewa na mama."

"Wa aleikumu salaam," akajibu Nassir, muadhini. "Tutamtangaza sasa hivi. Anaitwa nani?"

Kwake huyo alikuwa mama, kwa watoto bibi, kwa majirani Mama Twaiba. Siku ya nikaha lilitajwa jina la baba yake Twaiba tu.

"Mtangaze Mama Twaiba."

"Mama Twaiba wako wengi hapa. Jina lake mwenyewe."

"Ni... ni mama mkwe wangu."

Wazee waliokuwa wakisoma Kurani wakainua vichwa.

"Umeoa lini, mwanangu?"

"Huu mwaka wa tisa."

"Mpigie mkeo simu," Nassir akasema kwa upole, na upole ule ulimuumiza Feisal kuliko tusi.

"Umempata?" Twaiba akapokea.

"Bado. Twaiba... mama anaitwa nani?"

"Rudia."

"Wanataka jina lake wamtangaze. Mimi silijui."

Akawasikia watoto wakicheza.

"Miaka tisa unakula samaki anaokukaangia," Twaiba akasema. "Anaitwa Mwanamisi. Mwanamisi Boga."

Akakata simu.

"Bi Mwanamisi Boga wa Msambweni," kipaza sauti kikatangaza mji mzima, "unasubiriwa msikitini na mwanao."

Mwanao. Feisal alitamani ardhi ipasuke.

Mama alifika ameshikwa mkono na Kavita, mwanamke mwenye duka la ng'ambo ya barabara.

"Wewe ndio kijana wake?" Kavita akamuuliza. "Ametuambia umerudi home kuchukua kitu. Nikamwambia tutafute namba yako, akakataa, eti uko njiani."

Feisal akamtazama mama mkwe usoni. Midomo ilikuwa imekauka, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe. Aliambiwa habari za jicho hilo mara nyingi, hakuwahi kuliona.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Twende, futari isije ikatukuta njiani."

Kinango watu wote walikuwa wamesimama uani. Mama akawahi kusema kabla ya kuulizwa.

"Msimlaumu Feisal. Mimi ndiye niliyemwambia atangulie, nilikuwa na haja zangu sokoni."

Abdulaziz akashusha pumzi. Feisal angeweza kunyamaza hapo, akafuturu tende zake kwa amani. Twaiba alikuwa akimtazama tu.

"Si kweli," Feisal akasema. "Mama ananisitiri. Nilimwacha kwa sababu sijawahi kumtazama. Nilisingizia kuona haya. Ukweli nilikuwa sitaki mtu wa kumtunza nyumbani kwangu."

Uso ulimwaka moto mbele ya wakwe zake. Hakuna aliyemsaidia.

"Usinieleze mimi," Twaiba akasema. "Mwambie yeye."

Feisal akaketi mkekani mbele ya mama.

"Mama, njoo ukae nasi. Leo nakuomba mimi, si Twaiba."

Mama alitoa kokwa ya tende mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani bila haraka.

"Nitakuja," akasema. "Ila ukiwa unatoka, mwanangu, uwe unaniaga."

Twaiba akafunika uso kwa leso, na Feisal hakujua kama anacheka au analia. Feisal akammiminia mkewe kikombe cha uji, akampelekea kwa mikono miwili. Twaiba alikipokea, lakini usiku ule alilala na mama yake.